Tepu za bakapu zimeruka mpangilio: 08, 11, 09, 10, 12. Chanzo ni nini?

#1 Kamanga_Jioni
Wakuu, habari za kazi. Niko Mwanza mjini, natunza seva mbili za chama cha akiba na mikopo. Bakapu inaingia kwenye roboti ndogo ya tepu yenye sloti 8, draivu ni LTO-5 (kizazi cha tano cha tepu za LTO), programu ya bakapu ni Amanda juu ya Linux. Tepu ziko 20, Akiba-01 mpaka Akiba-20, moja kila usiku wa kazi, kwa hiyo kila tepu zamu yake inarudi baada ya wiki nne. Kila Ijumaa tepu tano za wiki zinaingia sandukuni, zinavuka na kivuko cha Kamanga kwenda tawi letu la Sengerema, na tano za zamani zinarudi huku.

Miaka mitatu mstari haujawahi kuvunjika. Leo nimefungua faili la "tapelist", orodha ya Amanda ya tepu na tarehe zilipoandikwa, nikakuta hivi, ya karibuni ikiwa juu ("reuse" ni kwamba tepu inaruhusiwa kuandikwa tena):

20250812 Akiba-12 reuse
20250811 Akiba-10 reuse
20250808 Akiba-09 reuse
20250807 Akiba-11 reuse
20250806 Akiba-08 reuse

Kumi na moja imepitaje mbele ya tisa? Nimeuliza ofisini, kila mtu hajagusa. Ripoti za barua pepe za siku zote hizo zinasema kazi imekwisha salama. Naomba mnisaidie mawili: chanzo ni nini, na je, niache ilivyo au niurudishe mstari? Humo ndani kuna akiba za watu, silali vizuri.

#2 FundiMakoroboi
Umeme huo mkuu. Ukikatika halafu ukarudi, roboti inaanza kuhesabu sloti zake upya, na si lazima ianzie pale ilipoishia. Imekutana na 11 kwanza ikaichukua. Weka UPS ya maana, si hizi za kushikilia dakika tano.

#3 Bi_Seva
Kaka Kamanga, kabla hatujaulaumu umeme: kwenye amanda.conf, faili la mipangilio ya Amanda, "tapecycle" (idadi ya tepu za mzunguko) imeandikwa ngapi?

#4 SangaraWaIgombe
Mimi nasema ni saa ya seva. Yalinikuta kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki. Betri ndogo ya kwenye ubao mama ilikufa. Usiku umeme ukakatika, seva ikaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, na intaneti haikuwepo ya kuirekebisha. Bakapu ikaandikwa tepu ya usiku ule na muhuri wa ile tarehe ya zamani. Kesho yake Amanda ikaangalia orodha yake: tepu ya zamani kuliko zote ni ipi? Ni ileile ya jana! Ikaiomba tena na kuandika juu yake. Siku tatu tulikuwa tunaandika tepu moja tu bila kujua. Betri yenyewe inauzwa dukani kwa hela ndogo kabisa. Kagua saa yako leo hii.

#5 Kamanga_Jioni
Asanteni. Saa iko sawa, na tarehe za orodha zinafuatana, hakuna ya miaka ya nyuma. Dada Bi_Seva, nimeangalia: tapecycle ni 15. Aliyeniachia kazi ndiye aliyeiandika, wakati huo tepu zilikuwa 15. Baadaye tukanunua tano, namba ikabaki.

#6 Bi_Seva
Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, kaka.

Wengi wanadhani Amanda inafuata namba uliyoandika kwenye lebo. Haifuati. Kwake Akiba-09 na Akiba-11 ni majina tu, ungeweza kuziita Sato na Sangara. Inachofuata ni tarehe tepu ilipoandikwa mara ya mwisho. Inaomba ile iliyokaa muda mrefu kuliko zote, na inakataa kugusa tepu yoyote mpaka nyingine zifikie idadi ya tapecycle. Ungekuwa umeweka 20, usiku ule ingeikubali 09 pekee. Ikiikosa ingeandika kwenye diski ya kushikilia kwa muda na asubuhi ingekulilia kwenye barua pepe. Kwa kuwa umeiambia 15 na wewe unazo 20, tepu kama tano za zamani zote zinakubalika. Ikiikosa 09, iwe haimo ndani au haisomeki, inasogea sloti inayofuata. Imekutana na 11, imeona inafaa, imeandika. Ripoti lazima iseme salama, maana kwa sheria ulizoipa hakuna kosa.

Kwa hiyo 15 inaeleza kwa nini 11 ilikubaliwa. Haielezi kwa nini 09 ilikosekana usiku ule. Hilo bado.

#7 MwalimuNyegezi
Bi_Seva ameeleza vizuri, nami naongeza la kwetu Waswahili. Bakapu yako inaanza saa ngapi?

Nauliza kwa sababu kwetu usiku wa Jumatatu na "usiku wa kuamkia Jumanne" ni usiku mmoja. Lakini kompyuta ikifika saa sita usiku inageuza tarehe. Ukimwambia katibu muhtasi "weka tepu ya Alhamisi", ataiweka Alhamisi jioni kabla hajaondoka. Seva wakati huo inahesabu kwamba ya Alhamisi imeshaandikwa, tuseme saa sita na nusu usiku uliopita, wakati katibu yuko kitandani kwake Buzuruga. Watu wawili wanaotaja siku moja, mmoja yuko nyuma ya mwenzake kwa mzunguko mzima wa jua. Nimeona ofisi mbili zikigombana juu ya hili, na wote walikuwa wakweli.

#8 Kamanga_Jioni
Mwalimu, umegusa. Kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, imeandikwa 30 0 * * 1-5, yaani saa 6:30 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa.

#9 DagaaMkavu
Ngoja kwanza. Kama ni 1-5 na saa sita na nusu usiku, basi ya Ijumaa inaandikwa usiku wa kuamkia Ijumaa, hata ofisi haijafunguliwa. Kazi yote ya Ijumaa inasubiri mpaka usiku wa kuamkia Jumatatu ndipo iandikwe. Na sanduku linavuka ziwa Ijumaa bila miamala ya Ijumaa, siku ambayo watu wanatoa hela zaidi kuliko siku zote!

#10 Kamanga_Jioni
Nimeisoma mara tatu. Ni kweli kabisa. Leo nabadilisha iwe 2-6, Jumanne hadi Jumamosi. Mungu akubariki DagaaMkavu.

#11 IgomaDijitali
Samahani wakuu, karne hii bado mnahangaika na tepu na kivuko? Pelekeni mtandaoni muachane na masanduku.

#12 Bi_Seva
Igoma, Februari 2011 Google walipoteza barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail. Hitilafu ya programu ilizifuta hata kwenye nakala zilizokuwa kwenye vituo vingine. Walizirudisha kutoka kwenye tepu. Tepu iliyo kabatini haifikiwi na kosa la programu wala na mwizi wa mtandaoni.

#13 SangaraWaIgombe
Na LTO-5 moja inabeba terabaiti 1.5 kabla hujabana data. Jaribu kuirusha hiyo kila wiki kwa bando la hapa Mwanza, kisha siku ya msiba uivute tena. Kivuko kinafika mapema zaidi.

#14 IgomaDijitali
Nimekubali sehemu. Ila mtandaoni hakuna 11 kupita mbele ya 09 😄

#15 KijanaWaKirumba
Mbona rahisi. Zitoe zote, zipe lebo upya kwa amlabel kwa kulazimisha, anza 01 mpaka 20. Mstari unarudi siku moja.

#16 UkereweKwetu
USIFANYE HIVYO. Kamanga, nakuomba, usifanye.

Kuipa tepu lebo upya ni kuandika mwanzoni mwake. LTO ukiandika mwanzoni, inaweka alama ya mwisho wa data palepale, na draivu haitakubali kusoma chochote kilicho mbele ya alama hiyo. Utepe una urefu wa mita 846, data yako bado imelala humo, na huwezi kuifikia. Mimi nilifanya hivyo kwa tepu sita, nikitaka ziwe na majina mazuri. Wiki ya pili faili za mishahara zikaharibika. Nilikaa na zile tepu mkononi nikijua kilichotakiwa kimo ndani. Hiyo hali simwombei mtu.

#17 KijanaWaKirumba
Nimejifunza mkuu, pole sana. Kamanga, puuza ushauri wangu.

#18 FundiMakoroboi
Tukiwa kwenye ajali za namna hiyo: anayesoma tepu kwa mkono aite draivu kwa jina la /dev/nst0, asitumie /dev/st0. Hiyo ya pili inairudisha tepu mwanzo kila amri inapoisha. Ukidhani unaongezea mbele, kumbe unaandika juu ya ya kwanza.

#19 MlinziWaData
Kuna njia ya kupata ukweli bila kumuuliza mtu. Kila katriji ya LTO ina kichipu ndani yake kinachotunza kumbukumbu ya matumizi. Soma hicho, kitakupa tarehe ya kila mara ilipoandikwa.

#20 Bi_Seva
Nakurekebisha kidogo, Mlinzi. Kichipu kipo kweli. Kinatunza namba ya katriji, imepakiwa kwenye draivu mara ngapi, na draivu nne za mwisho zilizoipakia. Tarehe ya kuandikwa haimo, labda programu yenyewe iwe imeiweka kwa makusudi. Ila hesabu ya kupakiwa inasaidia, na amri ya sg_read_attr inaisoma.

Tarehe iko kwenye tepu yenyewe. Kipande cha kwanza kimeandikwa kwa maandishi ya kawaida: AMANDA: TAPESTART DATE, tarehe, TAPE, jina. Tumia amtape na neno "show", roboti itazipitia zote moja moja na kukusomea. Hata faili la tapelist likiungua, mpangilio unaweza kuujenga tena kutoka kwenye vichwa vya tepu.

#21 MlinziWaData
Asante dada, nimesahihishwa.

#22 BukobaMjini
Mimi natumia Bacula, programu nyingine ya bakapu, na kusema kweli sijui namba ya tepu iliyomo ndani sasa hivi. Kila tepu ina hali yake kwenye hifadhidata: inaongezewa, imejaa, imeruhusiwa kufutwa. Unaweka muda wa kuihifadhi. Usipoandika kitu, wao wanachukua siku 365. Muda ukipita na tepu ikihitajika, inachukua ya zamani kuliko zote. Ukibadilisha tepu unaandika "update slots", inasoma barkodi, basi. Mpangilio ni kazi ya mashine. Binadamu akiukariri ndipo anapoanza kuingilia. Kwa maoni yangu Kamanga aache ilivyo.

#23 MzeeWaKaseti
Wanangu, shikamooni si yangu kutoa, nawasalimu tu. Nimeanza kazi hizi kabla roboti hazijafika huku, tepu tukizibadilisha kwa mkono.

Mwanangu wa Bukoba, mashine inajua kilichomo kwenye sloti zake nane. Tepu nyingine zote ziko kwa binadamu: kabatini, sandukuni, kwenye kivuko, Sengerema. Hizo nani anazijua? Hapo ndipo mstari 01, 02, 03 unapofanya kazi. Ukiona kabatini 09 na 11 bila 10, jicho linashtuka lenyewe, hata la mfagizi. Majina yasiyofuatana hayamshtui mtu.

Sisi tulikuwa na kaunta buku lililofungwa kwa kamba mlangoni. Anayetoa tepu anaandika namba, saa, na sahihi. Saa tuliandika ya Kiswahili, na pembeni tarehe ya seva. Mwalimu wa Nyegezi asingetukamata.

Sasa swali langu. Tarehe 8 Agosti ilikuwa Ijumaa, na ni Nane Nane, sikukuu. Sanduku lilivuka siku gani wiki hiyo?

#24 Kamanga_Jioni
Shikamoo Mzee. Umenifanya nisimame kitini. Naenda kumuuliza dereva.

#25 DagaaMkavu
Mzee ametuzidi wote 🙌 Ijumaa hiyo nusu ya mji ilikuwa Nyamhongolo kwenye maonesho.

#26 NgosweWaSengerema
Mwangaluka wote. Nyinyi bado mnapanda Kamanga na daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni? Pitisheni sanduku juu ya daraja.

#27 FundiMakoroboi
Kutoka mjini, Kamanga bado ni njia fupi kwa Sengerema. Daraja ni zuri kwa anayetokea Usagara au anayekwenda Geita.

#28 NgosweWaSengerema
Ukikosa kivuko cha jioni utanikumbuka.

#29 Kamanga_Jioni
Nimerudi. Dereva anasema wiki ile alichukua sanduku Jumatano mchana, kwa sababu Alhamisi na Ijumaa alikuwa na viongozi wa chama Nyamhongolo. Kwa hiyo Jumatano tepu zilitolewa na mpya zikaingizwa, siku mbili kabla ya zamu yake. Inaonekana 09 na 10 zilitolewa zikiwa hazijaandikwa, na 11 hadi 15 zikaingia. Usiku wake, saa 6:30 ya tarehe 7, Amanda imeikosa 09, ikachukua 11.

#30 MwalimuNyegezi
Na aliyezitoa alihesabu "ya Alhamisi na ya Ijumaa bado", au alihesabu "wiki imeisha"? Mkanganyiko wa usiku unaweza kuwa humohumo.

#31 SangaraWaIgombe
Haijakaa sawa. Kama 09 na 10 zilikwenda Sengerema Jumatano, 09 imeandikwaje huku usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 8?

#32 Kamanga_Jioni
Katibu anasema hazikuvuka. Anakumbuka sandukuni aliweka tatu tu, 06, 07 na 08. Na anasema Alhamisi asubuhi alipofungua mlango wa roboti, 09 ilikuwa ndani, sloti ya tatu. Hakuirudisha yeye. Alichofanya ni kuongeza 11, 12 na 13 Jumatano kwenye sloti tatu zilizoachwa wazi, ili Ijumaa asilazimike kuja.

#33 FundiMakoroboi
Basi 09 ilikuwemo usiku uleule! Narudi kwenye hoja yangu: umeme. Mlango umefunguliwa, sloti zimehesabiwa upya, au umekatika na kurudi. Imeanzia pasipo pake.

#34 Bi_Seva
Au barkodi ya 09 haikusomeka. Stika ikipinda ukingo, roboti inaiona sloti ina katriji isiyo na jina. Kaka, itoe uiangalie. Inatakiwa herufi na namba sita, kisha L5 mwishoni, na stika ilale sawasawa. Ukibandika ya karatasi ya kawaida kwa gundi, joto la chumba linaiinua.

#35 UkereweKwetu
Chumba kiko karibu na ziwa? Tepu za kutunza muda mrefu zinataka nyuzi 16 hadi 25 na unyevu usiozidi asilimia 50. Zikitoka kwenye sanduku la moto la gari, ziache chumbani saa 24 kabla ya kuziingiza. Na wale wadudu wa ziwani, taa ikiachwa usiku wanaingia kwenye feni za draivu. Nimefungua moja Nansio, ilikuwa imejaa.

#36 Kamanga_Jioni
Chumba kiko Capri Point, madirisha yanatazama maji. Kiyoyozi kipo ila Jumapili kinazimwa. Stika ya 09 nimeiangalia: imekaa sawa, haijapinda.

Nimebadilisha tapecycle kuwa 20 na cron kuwa 2-6. Kuhusu mstari: niache au nirudishe? Naona Bukoba na Mzee hawajakubaliana.

#37 BukobaMjini
Acha. Ukiomba kurejesha faili, amri ya amrecover itakutajia tepu unazohitaji kwa majina na kwa mfuatano. Unaanza na bakapu kamili, kisha zile za mabadiliko tu: ngazi ya 1, kisha ya 2. Haijali 11 ilitangulia.

#38 MzeeWaKaseti
Atazitaja, ndiyo. Na anayekwenda kabatini saa nane usiku kuzitafuta ni mtu aliyetoka usingizini. Rudisha mstari.

#39 Bi_Seva
Ukitaka kuurudisha bila kufuta kitu: zamu ijayo 08 ikishaandikwa, ifungie 11 kwa "amadmin no-reuse". Amanda itairuka na kuomba 09, kisha 10. Usiku unaofuata ifungulie 11 kwa "reuse". Mstari umekaa. Ila siku hizo, kwa kuwa 11 haihesabiwi, shusha tapecycle iwe 19 kwa muda au itakugomea. Kabla ya yote nakili faili la tapelist pembeni.

#40 BukobaMjini
Hatua zote hizo kwa ajili ya sura tu. Kila mkono unaogusa unaongeza uwezekano wa kosa.

#41 Kamanga_Jioni
Nimemfuata Bi_Seva kwa upande wa kusoma kwanza. Vichwa vya tepu vinakubaliana na tapelist, tarehe kwa tarehe. Halafu nimesoma hesabu ya kupakiwa kwenye vichipu:

Akiba-08: mara 41
Akiba-09: mara 47
Akiba-10: mara 41
Akiba-11: mara 40

#42 SangaraWaIgombe
47?

#43 Bi_Seva
Sita zaidi ya jirani zake. Hiyo tepu imeingizwa kwenye draivu na kutolewa, ikaingizwa tena. Kaka, usiku wa tarehe 7 pengine draivu iliichukua 09, ikashindwa kusoma kichwa chake, ikairudisha, na Amanda ikasogea mbele. Ukisikia hivyo, katibu hana kosa, dereva hana kosa, na tepu ya kusafishia ndiyo ya kuulizwa. Iko sloti ipi, na imebaki mara ngapi? Hizo zina kikomo, nyingi mara 50.

#44 FundiMakoroboi
Au umeme ulikatika mara sita usiku ule na kila ukirudi roboti inaipakia 09 upya. Sijahama 😄

#45 MzeeWaKaseti
Au mtu aliitumia kujaribu kitu na hakuandika popote. Mwanangu, hiyo 47 ni ya usiku mmoja au ya miaka mitatu? Kichipu hakikuambii.

#46 Kamanga_Jioni
Tepu ya kusafishia iko sloti ya nane, ina stika ya CLN. Hakuna aliyehesabu imetumika mara ngapi tangu inunuliwe. Naagiza nyingine leo. Jioni hii nitakaa hapa mpaka saa 6:30 nione kwa macho roboti inachukua ipi na inafanya nini ikifika sloti ya tatu.